Mtoto kuongezewa chembe sahani za kundi tofauti la damu: maswali ya wazazi wa Tanga

Haya ni maswali yanayorudiwa na wazazi wa Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe na Lushoto ambao mtoto wao ameandikiwa chembe sahani, kisha wakaambiwa kwamba mfuko uliopatikana si wa kundi lake. Majibu yameandikwa ili umuulize daktari swali linalostahili, si ili ukatae tiba. Kwa mtoto anayetokwa damu, kukosa chembe sahani ni hatari kubwa kuliko kupewa za kundi jingine. Lakini hatari hiyo ya pili ipo, na ikijulikana mapema inapunguzwa.

## Mambo ya msingi

1. Chembe sahani ni nini? Mbona mfuko wenyewe si mwekundu?

Katika damu kuna chembe nyekundu zinazosafirisha oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani, ndogo kuliko zote, ambazo hukimbilia mahali mshipa ulipopasuka na kupaziba. Zote huelea ndani ya plazma, yaani maji ya damu yenye rangi ya manjano. Mtu mwenye afya, mkubwa kwa mdogo, huwa na chembe sahani 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Kwenye karatasi ya majibu zimeandikwa PLT, na sufuri tatu za mwisho kwa kawaida huachwa: ukiona PLT 8, maana yake ni 8,000.

Mfuko wa chembe sahani una rangi ya manjano iliyofifia kwa sababu chembe nyekundu zimeshaondolewa. Zimebaki chembe sahani na plazma ya mchangiaji. Yakumbuke hayo maji, kwa sababu sehemu kubwa ya hatari inayoelezwa hapa chini imo ndani yake, haimo kwenye chembe zenyewe.

2. Mtoto huongezewa chembe sahani kwa sababu gani?

Mara nyingi ni saratani ya damu au tibakemikali yake, uboho ulioacha kutengeneza damu, maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu, kuzaliwa njiti, au upasuaji mkubwa. Mtoto ambaye uboho wake haufanyi kazi vizuri lakini ametulia na hatokwi damu, kwa kawaida huongezewa zikishuka chini ya 10,000. Akiwa anakwenda kwenye upasuaji mkubwa, madaktari hutaka zifike 50,000 au zaidi, na kwa upasuaji wa ubongo au jicho, 100,000.

Malaria na dengi, ambazo sisi watu wa pwani tunazijua vizuri, nazo hushusha chembe sahani, wakati mwingine sana. Lakini ugonjwa ukidhibitiwa hupanda zenyewe. Kumwongezea mtoto wa dengi kwa sababu ya namba peke yake, bila kutokwa damu, hakushauriwi.

3. Mwanangu ni A, wameleta za O. Si tunaambiwa O ni damu ya wote?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na kuchanganyikiwa hapa hakumshangazi mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria zoezi la uchangiaji. O ni mpaji wa wote kwa upande wa chembe nyekundu, kwa sababu chembe nyekundu za O hazina alama ya A wala ya B. Kwa upande wa plazma mambo yanageuka. Mtu wa kundi O ana kingamwili, yaani askari wa mwili wanaoshambulia kitu kigeni, dhidi ya A na dhidi ya B ndani ya plazma yake. Mtu wa A ana kingamwili dhidi ya B, wa B ana dhidi ya A, na wa AB hana hata moja. Kwa hiyo katika plazma, mpaji wa wote ni AB.

Mfuko wa chembe sahani, kama tulivyoona katika swali la 1, umejaa plazma. Mtoto wa kundi A akipewa mfuko wa O, anapokea pia kingamwili zinazoweza kuzishika chembe zake nyekundu na kuzipasua. Kupasuka huko kwa kitaalamu huitwa himolisisi.

Watu wa kundi O ni karibu nusu ya Watanzania na wa AB ni wachache mno. Ndiyo maana mfuko unaopatikana kwa haraka huwa wa O, na ndiyo maana swali hili halitaisha.

4. Kwa hiyo kila tofauti ya kundi ina hatari sawa?

Hapana. Tofauti ni za aina mbili, na ni vyema uulize mtoto wako anakabiliwa na ipi.

Ya kwanza ni pale plazma ya mchangiaji inapogombana na chembe nyekundu za mtoto: mfuko wa O kwa mtoto wa A, B au AB, mfuko wa A kwa mtoto wa B, na kadhalika. Hii ndiyo inayoweza kupasua damu.

Ya pili ni pale kingamwili za mtoto mwenyewe zinapozishambulia chembe sahani alizopewa, kwa mfano mtoto wa O anapopewa mfuko wa A. Chembe sahani nazo hubeba alama za A na B juu yake, ingawa kwa kiasi kidogo. Hapa damu ya mtoto haipasuki. Kinachotokea ni kwamba chembe ulizohangaikia huishi muda mfupi na PLT haipandi ilivyotarajiwa (tazama swali la 13).

Kuna michanganyiko, kama A kwa B, yenye tatizo la pande zote mbili kwa pamoja.

5. Kwa nini mnasema mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima?

Kwa sababu ya wingi wa damu aliyonayo. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 basi ana kama mililita 800, na zaidi ya nusu yake ni plazma. Tuseme mililita 500. Mfuko mmoja wa chembe sahani uliotolewa kwa mtu mmoja kwa mashine huwa na mililita 200 hadi 300. Ukiumimina wote kwa mtoto huyo, karibu theluthi moja ya plazma inayozunguka mwilini mwake sasa ni ya mtu mwingine. Mfuko huo huo kwa mtu wa kilo 60 ungekuwa sehemu ndogo, kama moja ya kumi. Chumvi isiyoonja kitu kwenye sufuria ya mchuzi hukolea ikitiwa kwenye kikombe.

Ndiyo maana dozi ya mtoto mdogo hupimwa kwa kilo, kwa kawaida mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo, wala si kwa mfuko. Uzito aliopimwa mwezi jana kliniki hautoshi. Apimwe siku hiyo.

6. Jambo hili hutokea mara ngapi?

Himolisisi kali ni nadra: mara moja katika maelfu kadhaa ya mifuko isiyolingana. Watoto wengi waliopewa mfuko wa kundi jingine hawakupata dalili yoyote. Homa, kuwashwa na vipele hutokea mara nyingi zaidi, na hutokea hata kundi likilingana. Tatizo la himolisisi ni kwamba likitokea kwa mtoto mdogo huenda haraka, na asiyelitegemea hulitambua kwa kuchelewa.

## Kabla mfuko haujatundikwa

7. Hospitali kubwa hivi, kwa nini isiweke akiba ya kila kundi?

Chembe sahani hazihifadhiki kama damu nyekundu. Hukaa kwenye nyuzi joto 20 hadi 24, juu ya mashine inayozitikisa muda wote, na maisha yake ni siku 5. Damu nyekundu kwenye friji hukaa wiki kadhaa. Tena, ili kupata chembe sahani, damu lazima itenganishwe mapema baada ya kutolewa, kabla haijapozwa. Mfuko uliokwisha kaa kwenye friji hauwezi tena kutolewa chembe sahani zinazofaa.

Kwa mtu wa Tanga hili lina uzito wake. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una vituo vya kanda, na kilicho jirani nasi upande wa kaskazini ni cha Moshi. Kutoka hapa hadi Moshi ni kilomita zinazokaribia 350, na hadi Dar es Salaam ni vivyo hivyo. Mfuko ukisafirishwa unaweza kuvumilia kutotikiswa kwa saa kadhaa, lakini hauvumilii barafu wala joto letu la Februari. Usikubali chembe sahani ziwekwe kwenye boksi lenye barafu kama linalobebea damu nyekundu au chanjo. Baridi huziharibu: zikiingia mwilini huondolewa upesi na mtoto hapati faida aliyokusudiwa.

8. Kundi lake likikosekana kabisa, lifuate lipi?

Chaguo la kwanza daima ni kundi lake mwenyewe. Likikosekana, kwa mtoto mdogo tunaangalia kwanza plazma: itoke kwa mtu asiye na kingamwili dhidi ya chembe nyekundu za mtoto. AB inafaa kwa wote ikipatikana. Mtoto wa O anaweza kupokea plazma ya kundi lolote bila damu yake kupasuka. Kwa mtoto wa A, B au AB, mfuko wa O uwe wa mwisho kwenye orodha, na ukilazimika uambatane na tahadhari za swali la 9.

Kusubiri kuna mpaka. Mtoto anayetapika damu, anayetokwa damu puani bila kukoma, au aliyeanza kuumwa kichwa ghafla na kulegea huku PLT ikiwa chini sana hasubirishwi gari la kesho. Anapewa kilichopo, na anaangaliwa kwa karibu.

9. Benki ya damu inaweza kufanya nini ili mfuko wa O uwe salama zaidi?

Inaweza kupima nguvu ya kingamwili za mchangiaji. Watu wa O hawafanani: wengine wana kingamwili dhaifu, wengine kali mno. Maabara huizimua plazma hatua kwa hatua na kuangalia inaacha lini kushika chembe za A na B. Kila nchi ina mpaka wake. Uingereza, kwa mfano, mara nyingi hutumia uzimuaji wa 1:128. Mfuko wenye nguvu kupita mpaka haupewi mtoto wa kundi jingine. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya ajabu. Hufanyika kwa mirija na chembe za kupimia, mradi kuna mtu wa kukifanya.

Pia inaweza kupunguza plazma. Mfuko huzungushwa tena kwenye mashine, maji mengi yakaondolewa, chembe zikabaki kwenye ujazo mdogo. Baadhi ya chembe hupotea, na mfuko ukishafanyiwa hivyo lazima utumike ndani ya saa chache. Nchi nyingine huhifadhi chembe sahani katika maji maalumu yanayochukua nafasi ya plazma nyingi.

Na hata pasipo na vifaa hivyo, lipo jambo moja linalowezekana wodi yoyote: mtoto apewe mililita zake tu, zisizidi, na kinachobaki kisimiminwe eti kisipotee.

10. Nimuulize nini daktari au muuguzi?

Muulize mfuko huu ni wa kundi gani na mtoto ni wa kundi gani. Kama ni tofauti, ni plazma inayogombana naye au ni chembe? Mfuko umepimwa nguvu ya kingamwili? Atapewa mililita ngapi kwa uzito wa leo? Nani atamwangalia kwa saa 24 zijazo? Kumuuliza dakta hivi si utovu wa adabu. Uliza kwa upole, uliza mapema kabla ya mfuko kutundikwa, na ukijibiwa "subiri niangalie", umefanikiwa, kwa sababu ameangalia.

11. Na hasi na chanya je?

Chembe sahani hazina alama ya Rh, ile inayoandikwa hasi au chanya baada ya kundi la damu, lakini mfuko unaweza kubaki na chembe nyekundu chache. Mtoto wa Rh hasi akipewa mfuko wa Rh chanya, hatari ya siku hiyo ni ndogo. Kwa mtoto wa kike iko hatari ya baadaye: mwili wake ukijifunza kutengeneza kingamwili dhidi ya Rh, siku atakapopata ujauzito mtoto wake anaweza kudhurika. Kwa wasichana wa Rh hasi kuna sindano ya anti-D inayozuia hilo. Iulizie ndani ya siku tatu, na kama PLT bado iko chini, uliza namna ya kuitoa bila kumchoma kwenye msuli.

12. Sisi ni ndugu zake, tuko tayari kutoa. Mtachukua?

Njooni mchangie, kwa hakika. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na damu yake hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Damu yenyewe haiuzwi. Anayekudai fedha kwa ajili ya mfuko, mripoti kwa uongozi wa hospitali.

Lakini msishangae damu ya baba, mama, kaka au dada ikipelekwa kwa mgonjwa mwingine. Chembe nyeupe za ndugu wa karibu zinaweza kujificha ndani ya mwili wa mtoto, zikakaa na kuushambulia. Ni nadra, lakini wengi wanaopatwa hawaponi. Huzuiwa kwa kuupitisha mfuko kwenye mionzi. Mahali pasipo na mionzi, ni salama zaidi mchangie benki na mtoto apewe ya mtu baki. Na kama kuna mpango wa kupandikiza uboho siku za mbele, wazazi na ndugu wa tumbo moja wasimchangie yeye moja kwa moja.

## Akiwa anaongezewa, na baada yake

13. Amepewa mfuko mzima na PLT haijapanda. Wamemdanganya?

Hawajakudanganya. Homa kali, maambukizi, bandama kubwa na baadhi ya dawa huzimaliza chembe sahani upesi. Tofauti ya kundi ya aina ya pili katika swali la 4 nayo hupunguza mavuno. Mtoto aliyeongezewa mara nyingi anaweza pia kuwa na kingamwili dhidi ya alama nyingine zilizo juu ya chembe sahani, zisizohusiana na A na B.

Omba PLT ipimwe ndani ya saa moja baada ya mfuko kuisha, kisha kesho yake. Isipopanda hata ndani ya hiyo saa moja, kuna kinachozishambulia, na mfuko unaofuata uwe wa kundi lake hasa. Ikipanda na kuanguka kesho yake, mara nyingi chanzo ni ugonjwa wenyewe.

Kuna ugonjwa ambao kinga ya mtoto huziua chembe sahani zake mwenyewe. Hapo kuongezewa husaidia kidogo sana, na hufanywa tu damu inapohatarisha maisha.

14. Niangalie dalili gani?

Dakika 15 za kwanza usiondoke kitandani. Mwite muuguzi mara moja mtoto akitetemeka, akipata homa ghafla, akihema kwa shida, akivimba uso, akilalamika mgongo au tumbo, au akilegea. Jambo la kwanza ni kusimamisha dripu huku kanula ikiachwa mahali pake. Homa kali pamoja na kuzimia hutiliwa shaka bakteria, kwa kuwa chembe sahani hazikai kwenye baridi na vijidudu hukua humo kwa urahisi kuliko kwenye damu nyekundu.

Himolisisi ya plazma mara nyingi hujitokeza saa chache baadaye, pengine hata kesho yake, wakati kila mtu ameshatulia. Angalia mkojo: ukigeuka rangi ya chai ya rangi, mwite muuguzi na usiumwage. Angalia weupe wa macho kama una manjano, na viganja kama vimepauka. Kwa mtoto wa nepi, zihifadhi nepi za siku hiyo.

15. Mkojo mweusi maana yake lazima ni mfuko?

Si lazima. Malaria kali, upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) baada ya dawa fulani, na selimundu vyote huweza kuleta hali hiyo. Anachopaswa kufanya daktari ni kupima himoglobini na kuilinganisha na ya kabla, manjano, figo, na kipimo cha Coombs kinachoonyesha kama kingamwili zimezishika chembe nyekundu. Mfuko na mabaki yake virudishwe maabara, visitupwe.

Ikithibitika ni plazma ya O iliyopasua damu ya mtoto wa A, na sasa anahitaji chembe nyekundu, anapewa za O, si za A. Za A zingepasuliwa nazo na kingamwili zilizokwisha ingia. Aendelee hivyo mpaka maabara iseme kingamwili hizo zimeisha.

## Hali za pekee

16. Mtoto ni mchanga, ana siku chache tu.

Mtoto mchanga bado hajatengeneza kingamwili zake za A na B. Huanza kati ya miezi 3 na 6. Kwa hiyo hatari ya aina ya pili karibu haipo. Ya kwanza ni kubwa, kwa sababu mtoto wa kilo 3 ana damu isiyofika mililita 300. Ikiwa mama ni O na mtoto ni A au B, huenda tayari ana kingamwili za mama mwilini na ameanza manjano. Mfuko wa O ungeongeza juu ya zilizopo.

Kwa njiti kuna jambo la kuwatuliza wazazi wanaodhani wanacheleweshewa. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanyika Uingereza, Ireland na Uholanzi ulionyesha kwamba njiti walioongezewa PLT ikifika chini ya 50,000 walikufa au kutokwa damu nyingi zaidi kuliko waliosubiriwa hadi chini ya 25,000. Kusubiri huko ni tiba.

17. Hakuna chembe sahani, wanataka kumpa damu nzima mbichi ya leo. Kanuni ni zile zile?

Hapana, na hapa kosa ni la hatari zaidi. Damu nzima iliyotolewa leo na isiyopozwa ina chembe sahani, na mahali pasipo na mashine ya kutenganisha imeokoa watoto wengi. Lakini ndani yake zimo chembe nyekundu kamili pamoja na plazma kamili. Lazima ilingane na kundi la mtoto, ipimwe maambukizi yote, na ijaribiwe na damu ya mtoto maabara. Ule uhuru wa kuchagua kundi jingine wa swali la 8 hautumiki hapa.

18. Ataongezewa kila wiki kwa miezi. Tofauti ndogo ndogo hujumlishwa?

Ndiyo. Mililita 100 za plazma ya O kwa siku tatu mfululizo ni mililita 300 ndani ya mtoto wa kilo 10, hata kama kila siku ilionekana kidogo. Weka daftari: tarehe, kundi la mfuko, mililita, PLT kabla na baada, himoglobini. Mtoto akihamishiwa Moshi au Muhimbili, daftari hilo liende naye kwenye mkoba wako, lisiachwe kwenye faili la wodi.

19. Naweza kumpa dawa ya homa nyumbani?

Parasetamo, kwa dozi ya uzito wake. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Huzidhoofisha hata hizo chembe sahani chache alizonazo.

20. Aliwahi kupasukiwa na damu baada ya mfuko wa O. Anaweza kuongezewa tena?

Anaweza. Asipewe tena plazma ya O isiyopimwa nguvu. Omba iandikwe kwa wino kwenye kadi yake, mbele kabisa: kundi lake, tarehe, kundi la mfuko uliomdhuru, na maneno "chembe sahani za kundi lake au zilizopunguzwa plazma". Kila atakapolazwa, mwonyeshe kadi hiyo mtu wa maabara anayekuja kuchukua sampuli, si daktari wa zamu peke yake.